Fungua Ripoti, Mwalimu!

Walimu wa Hisabati wa sekondari msingi, leo nasema nanyi. Walimu wakuu na wazazi msiondoke, zamu yenu yaja.

Mtoto wa Gredi ya 7 ameandika kwamba 1/2 ukijumlisha na 1/3 unapata 2/5. Hajabahatisha. Amejumlisha namba za juu, moja na moja, akapata mbili. Akajumlisha za chini, mbili na tatu, akapata tano. Ana kanuni yake kichwani na ameifuata kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ni potovu. Angetulia kidogo angeona kwamba 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo, na kwamba haiwezekani uongeze kitu halafu kipungue. Lakini hakuna wa kumtuliza. Ni saa mbili usiku, ana maswali kumi na matano ya kumaliza, na yote kumi na matano anayakosa kwa njia ileile. Asubuhi madaftari yanakusanywa. Mwalimu ana mikondo mitatu, watoto sitini na kitu kila mkondo, na wiki imejaa. Madaftari yanarudi Ijumaa yamechorwa wino mwekundu. Siku nne nzima mtoto amelala na kosa na kuamka nalo, hadi limekuwa ndilo analolijua. Na darasa limeshahamia desimali.

Ni katika zile siku nne ndipo tunapowapoteza. Hatuwapotezi kwa sababu Hisabati ni ngumu, wala kwa sababu wao ni wavivu, wala kwa ile kauli ya aibu ambayo baadhi yetu tunaitamka mbele yao, kwamba fulani hana kichwa cha Hisabati. Tunawapoteza kwa kuchelewa. Mtoto aliyekosea Jumatatu alistahili kuambiwa Jumatatu.

Na hapa Kenya njia ya kuikwepa Hisabati imeshafungwa. Mtihani wa kumaliza Gredi ya 9, KJSEA, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Mwaka huohuo, baada ya mvutano mkali, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kwamba Hisabati itakuwa ya lazima katika sekondari ya juu, mwanafunzi awe anaelekea sayansi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Kwa hiyo yule mtoto na 2/5 yake hawatatengana. Atakwenda nayo kwenye uwiano, kwenye asilimia, kwenye milinganyo ya aljebra, na kila mahali itamwangusha, na kila anapoanguka ataamini zaidi kwamba tatizo ni yeye.

Ndiyo maana nayatetea mazoezi ya Hisabati ya mtandaoni, na nayatetea bila kumung'unya maneno. Mtoto anaandika jibu, anaambiwa papo hapo kwamba si sahihi, anapewa kidokezo, anajaribu tena. Kosa halilali naye. Hakuna mwalimu, hata awe na moyo kiasi gani, anayeweza kusimama kando ya watoto mia mbili jioni moja. Programu inaweza. Tukiidharau kwa sababu ni mashine, tunawadhulumu watoto kwa ajili ya kiburi chetu.

Lakini sikuja kusifu mashine. Nimekuja kwa sababu tunaitumia vibaya.

Sikilizeni yaliyotokea Maine, jimbo la kaskazini mashariki kabisa mwa Marekani. Mwaka 2002 jimbo hilo lilianza kuwapa wanafunzi wote wa gredi ya 7 katika shule za umma laptopu, mpango uliopiganiwa na gavana Angus King. Miaka kama kumi baadaye watafiti wa taasisi ya SRI wakaenda huko, mahali ambapo kila mtoto tayari ana kifaa, wakachukua shule 43 na kuzigawa kwa kura. Kundi moja lilipewa programu iitwayo ASSISTments kwa ajili ya kazi ya nyumbani ya Hisabati. Kundi la pili liliendelea kama lilivyozoea. Programu hiyo haikutungwa na wafanyabiashara. Waliianzisha Neil na Cristina Heffernan, mtu na mkewe, ambao wote wawili waliwahi kufundisha Hisabati shuleni na walijua harufu ya chaki.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Watoto wa kundi la programu waliwapita wenzao katika mtihani wa mwisho wa mwaka, na walionufaika zaidi walikuwa wale walioanza wakiwa nyuma. Someni sentensi hiyo mara ya pili, kwa maana ni nadra sana katika elimu. Mambo mengi tunayoyaleta darasani humwinua aliyekwisha inuka. Hili liliwafikia wa dawati la nyuma.

Na walitumia muda gani? Jioni tatu au nne kwa wiki, na kila jioni chini ya dakika kumi. Mwalimu unayeniambia huna muda, dakika kumi! Mzazi unayeogopa kwamba mtoto ataganda kwenye kioo usiku kucha, dakika kumi!

Programu yenyewe haikuwa na maajabu. Haikuwa na katuni wala fataki za kumshangilia mtoto. Maswali mengi yalikuwa yaleyale ya vitabu vyao vya kawaida, yaliyowekwa humo ili mtoto ajue mara moja kama amepata au amekosa. Kilichobadilika ni asubuhi. Mwalimu alipofika shuleni aliikuta ripoti: swali la kwanza karibu wote wamelipata, la pili vilevile, la nne limewashinda wengi, na jibu baya lililoandikwa na wengi ni hili hapa. Basi hakupoteza nusu ya kipindi akipitia maswali yote kumi ubaoni huku walioelewa wakisinzia na wasioelewa wakinakili. Alikwenda moja kwa moja kwenye swali la nne. Aliliandika lile jibu baya ubaoni, bila jina la mtu, akauliza: aliyefika hapa alipitia wapi?

Hapo ndipo uponyaji ulipo, walimu wenzangu. Programu ilifanya kazi ya kusahihisha, ikamwachia mwalimu kazi ya kufundisha. Nasi tunafanya kinyume. Tunawapeleka watoto kwenye chumba cha kompyuta, tunawafungulia programu, tunakaa mezani kusahihisha madaftari ya mkondo mwingine, kengele ikilia tunazima. Ripoti imekaa mle ndani haijafunguliwa na mtu. Majina yamo, makosa yamo, kila kitu ambacho mwalimu angelipa ili akijue kimo, na hakuna aliyebofya hata mara moja kukitazama. Huko ni kuwatelekeza watoto, hata kama jengo limeandikwa maabara ya kompyuta.

Na msidhani ni sisi peke yetu. Mwaka 2024 Laurence Holt aliandika katika jarida la Education Next jambo ambalo lingepaswa kubandikwa katika kila ofisi ya walimu. Alizipitia tafiti ambazo wenye programu hizi huzitumia kujisifu, akakuta kwamba faida zinazotangazwa ni za wanafunzi waliotumia programu kwa kiwango kilichopendekezwa, mathalani dakika 30 kwa wiki. Na hao waliofikisha kiwango walikuwa karibu asilimia 5 tu. Dakika 30 kwa wiki, na watoto tisini na watano katika kila mia hawakuzifikisha!

Mnajua hao watano ni akina nani. Ni yule anayemaliza kazi kabla ya kengele. Ni yule ambaye nyumbani kuna mtu anayemuuliza amesoma nini. Hao wangefika hata kwa kitabu kilichochanika. Yule mchungaji wa Injili aliwaacha tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea; sisi tumewakumbatia watano waliokwisha fika nyumbani, tukawaacha tisini na watano nyikani, kisha tukaandika katika taarifa ya muhula kwamba shule yetu inatumia teknolojia. Mwalimu, usiridhike na wastani wa darasa. Fungua orodha, tazama mwisho wake, tazama majina ambayo wiki hii hayakufanya swali hata moja. Hapo ndipo pa kuanzia kazi. Mwite mmoja mmoja. Huenda hana simu nyumbani. Huenda nywila imempotea naye anaona haya kusema. Huenda alijaribu Jumatatu, akakosa mara nne mfululizo, akafunga akalia. Mashine haitakwambia ni lipi kati ya hayo. Itakwambia tu kwamba jina lake lina sifuri, na kuuliza sababu ni kazi yako.

Tena wapo wanaoonekana wanafanya na hawafanyi. Nimemtazama mvulana wa Gredi ya 8 akiwa mbele ya swali la 3 − (−5). Hakusoma. Alibofya kidokezo cha kwanza, cha pili, cha tatu, kidole kikienda bila macho, hadi kidokezo cha mwisho kikatoa jibu lenyewe: 8. Akaandika 8. Kioo kikawa kijani. Swali lililofuata, hivyohivyo. Kwa dakika chache alikuwa na alama nzuri kuliko msichana aliyeketi kando yake, ambaye alikuwa amechora mstari wa namba kwenye karatasi na bado anahesabu kwa ncha ya kalamu. Ryan Baker na wenzake waliuchunguza mchezo huu huko Marekani katika madarasa ya watoto wa umri huohuo, wakachapisha walichokiona mwaka 2004: waliozoea kuihadaa programu kwa namna hii walijifunza kama theluthi mbili tu ya walichojifunza wenzao. Watoto wetu ni werevu. Wakigundua kwamba tunachokitaka ni rangi ya kijani, watatupa rangi ya kijani.

Dawa yake ni daftari. Nasema tena, daftari! Kishikwambi upande mmoja, daftari upande wa pili, na hakuna jibu linaloingia kwenye kioo kabla ya hatua zake kuandikwa kwa kalamu. Mwalimu apite katikati ya madawati, asitazame kioo, atazame daftari. Aliyeandika jibu bila hatua aambiwe kwa upole afute na arudie. Wiki mbili za kusimamia hivyo zitatosha kuwaonyesha kwamba hatutanii.

Lipo jambo la pili la kusimamia, nalo ni uchaguzi wa maswali. Programu nyingi zimepangwa kumpa mtoto maswali kumi ya aina moja, na akiyapata anapewa nyota na kusongezwa mbele. Yanaridhisha sana, na yanadanganya. Mtoto anayejua kwamba maswali yote kumi ni ya asilimia hahitaji kufikiri swali ni la nini. Anarudia tu mkono ulivyozoea. Doug Rohrer na wenzake walilijaribu jambo hili huko Florida katika madarasa 54 ya gredi ya 7. Wengine walipewa mazoezi ya aina moja moja kwa mafungu, wengine maswali yaleyale yakiwa yamechanganywa. Baada ya mwezi ukaja mtihani ambao hakuna aliyetangaziwa. Waliofanya kwa mafungu walipata asilimia 38. Waliochanganyiwa, asilimia 61. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2020, ulitumia karatasi wala si kompyuta, na hilo linaipa nguvu hoja yangu: usiiachie programu ikuchagulie. Ingia mwenyewe, chukua maswali mawili ya wiki hii, mawili ya mwezi uliopita, mawili ya muhula uliopita. Watoto watanung'unika kwamba ni magumu. Waache wanung'unike, na uwaeleze wazi kwa nini unafanya hivyo, maana wana akili ya kuelewa.

Sasa nawageukia walimu wakuu.

Mnaniambia hakuna intaneti. Nawaambia tusijifiche hapo. Ipo programu ya bure iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality mahsusi kwa shule zisizo na mtandao. Masomo na mazoezi, yakiwemo ya Khan Academy, hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao, yakawekwa kwenye kompyuta moja, hata ndogo ya bei nafuu, na vifaa vingine darasani vikaunganishwa nayo kwa waifai ya ndani isiyogharimu bando hata shilingi. Ripoti ya mwalimu imo humohumo. Na Eneza Education ya Nairobi ilikwisha onyesha miaka mingi iliyopita kwamba maswali ya mazoezi yanaweza kumfikia mtoto kwa ujumbe mfupi, kwenye simu ya kabambe isiyo na kioo cha kugusa.

Mnaniambia hakuna vifaa. Kuanzia mwaka 2016 serikali yetu ilipeleka vishikwambi na laptopu katika shule za msingi kote nchini, vifaa zaidi ya milioni moja, vikilenga watoto wa darasa la kwanza. Januari 2023 Gredi ya 7 ikaanzishwa, na ikawekwa ndani ya shule hizohizo za msingi. Mnaelewa maana yake? Mtoto wa Gredi ya 7 anayekosa mazoezi anaketi hatua chache kutoka ghala ambamo vishikwambi vimerundikwa, ghala lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwako na mwingine kwa mwenye stoo, kwa hofu ya ukaguzi. Vingine vimekufa betri, najua. Vingine vimevunjika. Lakini fungueni mvihesabu! Vikipatikana kumi vinavyowaka, watoto watatu watatu wanaketi thelathini, na nusu ya pili ya darasa inafanya maswali hayohayo kwa karatasi hadi zamu yao ifike. Kishikwambi kikivunjika mikononi mwa mtoto anayefanya hesabu, kimetumika kwa kazi iliyokinunulia. Kikioza ghalani kikiwa kizima, hapo ndipo mali ya umma imepotea.

Na mpeni mwalimu nafasi ya kuisoma hiyo ripoti. Huwezi kumpa mtu vipindi mfululizo kuanzia saa mbili hadi saa tisa, ukamwongezea zamu ya chakula cha mchana na usimamizi wa michezo, halafu ukamlaumu kwamba hatazami makosa ya watoto. Robo saa kabla ya kipindi cha kwanza, mara tatu kwa wiki, isiguswe na mkutano wala paredi. Hilo liko ndani ya uwezo wako na halihitaji barua kutoka wizarani.

Pia muwe na subira. Mwaka 2014 watafiti wa RAND walichapisha matokeo yao kuhusu programu ya aljebra iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Mwaka wa kwanza hawakuona faida yoyote. Mwaka wa pili, katika shule za upili, faida ikaonekana wazi. Mwalimu mkuu ambaye angevunja kambi mwisho wa mwaka wa kwanza kwa hasira angeondoka kabla ya mavuno. Walimu wanahitaji kujifunza namna ya kufundisha na kitu kipya, nao ni binadamu.

Wazazi, kwenu ombi ni dogo. Mpeni mtoto simu kwa dakika kumi baada ya chakula, mkae naye, na msimfanyie. Najua mnavyoumia mkimwona amekwama, na najua mkono unavyowasha kutaka kumbofyia. Jizuieni. Hata kama hukufika mbali shuleni, na hata kama maswali yako kwa Kiingereza na Kiingereza kinakupiga chenga, unaweza kumwambia: hebu nieleze mimi, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, hapa umefanya nini. Anayeweza kumweleza mama yake kwa nini nusu na theluthi haziwezi kujumlishwa hadi zikatwe vipande vya ukubwa mmoja, huyo ameelewa. Anayejibu kwamba ndivyo alivyoonyeshwa, bado. Mwandikie mwalimu ujumbe, mstari mmoja tu, mwambie hapa amekwama.

Mwalimu mwenzangu, anza Jumatatu hii. Usisubiri mafunzo, usisubiri mradi wa wafadhili. Jumatatu jioni weka maswali sita tu, la kwanza liwe rahisi ili kila mtoto apate kitu, na lile la 1/2 na 1/3 liwemo. Asiye na kifaa umpe maswali hayohayo kwa karatasi, umsahihishie papo hapo asubuhi akiingia mlangoni. Jumanne, kabla ya kengele ya kwanza, fungua ripoti uandike mambo mawili kwenye kipande cha karatasi: jibu baya lililorudiwa na wengi, na majina ya watoto ambao hawakufanya. Ingia darasani, anza na lile jibu. Chora mistatili miwili ya ukubwa sawa ubaoni, mmoja umekatwa nusu, mwingine theluthi, uwaulize kama vipande hivyo vinaweza kuhesabiwa pamoja kabla havijalingana. Waache wabishane. Kengele ikilia, wenye majina kwenye karatasi yako wabaki dakika mbili, na wa kwanza kumwita awe yule ambaye hujasikia sauti yake tangu muhula uanze.